Anayetangulia Asubiri Njia Panda

Mpenzi msomaji, ukisikia mtu na mumewe wameondoka siku nne bila watoto, unawaza nini? Najua. Ufukwe wa Bagamoyo au Nungwi, juisi ya embe yenye kimwavuli, muziki laini, mashuka meupe. Nami kwa miaka kumi na mbili ya ndoa nilikuwa naisubiri safari kama hiyo. Badala yake, Julai 2023 mimi na baba watoto tulikwenda kuvuja jasho kwenye milima ya Usambara Magharibi, juu ya baiskeli, katika vijia ambavyo hata mbuzi anafikiria mara mbili kabla hajakanyaga. Nilirudi Dar na magoti yaliyochubuka na mapaja yanayogoma kushuka ngazi. Lakini nilirudi pia na jibu la swali lililokuwa limelala katikati ya kitanda chetu mwezi mzima.

Swali lenyewe hili hapa. Mwaka 2022 kampuni aliyokuwa akifanya kazi mume wangu ilipunguza watu, na yeye akawa mmoja wao. Miezi tisa baadaye, ofisini kwetu nikaambiwa kuna nafasi ya kusimamia tawi la Mwanza. Mshahara mzuri, nyumba juu yao. Nilipewa mwezi mmoja wa kujibu. Nilimweleza mume wangu usiku uleule. Akasema, "Hongera." Basi. Kesho yake hakusema kitu, keshokutwa vilevile. Nikiuliza, ananijibu, "Tutaongea." Shosti, nyie mnaoishi na wanaume mnalijua hilo "tutaongea". Halina tarehe wala saa.

Wanaume wengine wakipoteza kazi wanakimbilia baa. Wangu, namshukuru Mungu, alikimbilia baiskeli. Alinunua ya gia, ya mtumba, matairi manene yenye meno, akaifungua yote uani na kuipanga kwenye gunia kama mtu anayeuza nyanya. Wiki mbili anaisafisha na kuipaka grisi. Kisha kila alfajiri akawa anatoka nayo, anarudi saa mbili kalowa. Wiki ya tatu ya ukimya wetu akaniambia, "Twende kwetu. Nikakuonyeshe njia nilizokulia, ila kwa baiskeli." Kwao ni Lushoto. Nikakubali, maana ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizonipa mwezi huo.

MKWE NA SURUALI

Basi letu liliondoka stendi ya Mbezi asubuhi, baiskeli imelala kwenye buti. Ukifika Mombo unaiacha barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, unaanza kupanda. Ni kilomita 33 hivi za kona tupu, ukuta wa jiwe upande mmoja na korongo upande mwingine, unapita Soni penye maporomoko, mpaka Lushoto, kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Joto la Mombo unaliacha bondeni kama shati ulilolivua. Wajerumani walipapenda hapa kwa ubaridi huo, wakapaita Wilhelmstal. Julai ni baridi ya sweta mbili, msidanganyike kwamba ni mkoa wa Tanga.

Niseme ukweli, kilichonipa hofu zaidi ya milima ni mama mkwe. Mkwe wa kike kupita katikati ya kijiji cha wakwe kavaa suruali, kapanda baiskeli, kofia ngumu kichwani! Nilijifunga kanga mbili juu ya suruali, nikapiga magoti kumwamkia. Mama akaniangalia, akaiangalia baiskeli niliyokodi pale mjini, akaniangalia tena.

"Mnakwenda wapi na hivyo vyuma?"

"Mtae, mama."

"Mtae!" Akacheka mpaka akashika mlango. "Njia hizo nimezipita na mzigo wa viazi kichwani na huyu mumeo mgongoni. Wewe umepewa magurudumu mawili, kitakushinda nini?" Halafu akanivuta pembeni. "Mwanangu, kanga hizo zitaingia kwenye mnyororo. Vua. Na kwenye mteremko usitazame miguu yako. Aliyebeba mzigo kichwani hawezi kuinama kutazama miguu, na ndiyo maana haanguki."

Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Kabla jua halijazama kesho yake nilikuwa nimeshajua kwamba ndilo somo la kwanza la mchezo huu.

NJIA ZA WATU, SI ZA BAISKELI

Kwa asiyejua, baiskeli ya milimani si mpya kiasi hicho. Miaka ya 1970 vijana wa Marin, California, walichukua baiskeli nzito za zamani wakawa wanashuka nazo kwa kasi kwenye vilima vya karibu na Mlima Tamalpais. Mwaka 1976 wakaanzisha mashindano kwenye njia waliyoiita Repack. Jina lilitokana na breki zao. Zilipata moto hadi grisi ikaungua, na kila wakifika chini iliwabidi wapake upya. Miaka 20 baadaye, 1996, mchezo huo ukaingia kwenye Olimpiki ya Atlanta.

Lakini njia za Usambara hakuna aliyezichimba kwa ajili ya mchezo. Ni njia za mama wa kuni, za watoto wa shule, za wakulima wanaoshusha kabichi na karoti kwenda kukutana na gari. Nyingine ni barabara za zamani za kuvuta magogo ya mikulo na miti mingine mikubwa, ambazo msitu umezirudisha nusu. Kwa hiyo mwendesha baiskeli ni mgeni. Ukikutana na mwenye mzigo, unashuka, unasogea upande wa bonde, unamwamkia, unamwacha apite. Kijana aliyetuongoza alikuwa mkali kwa hilo kuliko kitu kingine chochote.

Huyo kijana alikuwa ananiita shemeji na mume wangu anamwita kaka, maana kule wote ni ndugu. Asubuhi ya kwanza, kabla hatujakanyaga pedeli, alitupa sheria moja. Alisema, "Njia ni nyembamba, hamtakwenda sambamba. Kila mtu aende mwendo wake. Ila anayetangulia asubiri kwenye njia panda. Anayefuata asikimbie kumfikia. Huku mtu hapotei njiani, anapotea njia panda."

Nikaitikia kama mtu anayesikia tangazo la redio. Sikujua kama lingenikaa.

Kutoka Lushoto unapanda kwenda Magamba. Hapo ndipo gia zinapoonyesha kazi yake. Unaingiza gia nyepesi kabla ya mlima kukubana, si baada, maana ukichelewa mnyororo unalia na mguu unagoma. Mume wangu, pamoja na alfajiri zake zote za Dar, alianza kwa fujo na kufika nusu ya mlima akawa anasukuma. Mimi nilikwenda taratibu, pedeli moja baada ya nyingine, kama ninavyopanda ngazi za ofisini lifti ikiharibika. Nikampita. Hakusema kitu, mimi pia sikusema. Nilipofika panapogawanyika njia, nikasimama, nikanywa maji, nikamsubiri. Alipofika akaniangalia kwa jicho ambalo sikuwa nimeliona muda mrefu. "Kumbe unaweza!" akasema.

Halafu msitu ukatumeza. Siwezi kuueleza vizuri. Ni hifadhi ya Magamba, juu ya mita 2,000 sehemu nyingine, ukungu unapita kati ya miti kama moshi wa jikoni, ndevu za kuvu zinaning'inia matawini, na kimya kile kinavunjwa na mbega, wale nyani weusi wenye joho jeupe, wakirukaruka juu. Milima hii ni sehemu ya mlolongo wa Tao la Mashariki, na ina viumbe visivyopatikana pengine popote, vikiwemo vinyonga vya aina yake. Hata lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu wanalipanga madirishani, Saintpaulia, asili yake ni miamba yenye kivuli ya huku kwetu. Lilipata jina kutoka kwa Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyelipeleka kwao miaka ya 1890.

MTEREMKO

Baada ya msitu, ardhi inaanguka. Nilifika ukingoni nikaona kijia chekundu, upana wa mkeka, mizizi imekatiza kama ngazi mbovu, kulia shamba la maharage limelala kwenye mwinuko, kushoto hakuna kitu. Mume wangu alikuwa ameshashuka. Anajua kushuka yule mtu. Alifanya hivyo utotoni na baiskeli isiyo na breki, anatumia soli ya kandambili. Akasimama chini, akaanza.

"Shusha kiti! Rudisha makalio nyuma! Usibane breki ya mbele! Hapana, kulia! Kulia! Nimesema kulia!"

Wapenzi, kuna sauti ambayo mtu anakuelekeza, na kuna sauti ambayo anakuendesha. Nilibana breki, nikaganda, nikalitazama jiwe moja kubwa katikati ya njia. Nikalitazama sana. Na baiskeli ikaenda pale pale nilipotazama. Nililala kwenye maharage ya watu, magoti yakivuja damu.

Kijana wetu akapanda mpaka nilipo, akaninyanyua. Hakunipa somo. Akageuka akamwambia mume wangu, kwa adabu kabisa, "Kaka, samahani. Nyamaza kidogo. Mwache achague njia yake. Wewe simama tu pale anapoweza kukuona."

Kimya. Hata ndege walinyamaza, au niliona hivyo. Mume wangu akashusha mikono. Akasogea mpaka kwenye kona ya chini, mahali njia inapogawanyika, akasimama.

Nikakumbuka mzigo wa viazi wa mama mkwe. Nikaacha kulitazama jiwe. Nikainua macho mpaka kwenye shati la bluu la mume wangu pale chini. Pedeli nikaziweka sawa, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, nikasimama juu yake bila kukaa, vidole viwili viwili kwenye breki, magoti malegevu. Baiskeli ikagonga mzizi wa kwanza, wa pili, wa tatu, ikapita. Sikuwa namtazama kwa sababu ananielekeza. Nilikuwa namtazama kwa sababu yupo. Nilipofika, hakunipongeza kwa maneno. Alinishika mkono, akakagua goti langu, akalimwagia maji ya chupa, akalifunga na kitambaa chake.

Mbele kidogo tairi langu la nyuma likapata pancha. Nikakaa kwenye jiwe, nikamtazama akifanya kazi. Akatoa tairi, akavuta tyubu, akaijaza upepo na kuipitisha karibu na shavu kusikia panapovuja, akakwangua, akapaka solusheni, akasubiri ikauke, akabandika kiraka. Watoto wa shule walimzunguka. Mmoja akasema baiskeli ya babu yake nyumbani ina wiki mbili haitembei. Akaenda, msomaji. Akaenda mpaka nyumbani kwa yule babu, akainyoosha rimu iliyopinda, akakaza spoku moja moja huku akizungusha gurudumu mbele ya jicho lake. Dakika 40. Babu akataka kumlipa, akakataa, wakatupa kabichi tatu. Miezi tisa nilikuwa sijamwona akiwa amenyooka mgongo namna ile.

JUU YA MTAE

Usiku ule tulilala Rangwi, kwa masista, tumefunikwa mablanketi mpaka puani, na kuongea hatukuongea, tulikuwa tumekufa kwa uchovu. Siku ya pili tukafika Mtae. Kijiji kimekaa juu ya ukingo wa mlima, nyumba zimejipanga mgongoni, huku bonde na huku bonde. Ukisimama ukingoni unaona nyanda za Mkomazi chini kabisa, kahawia, zimetandazwa hadi upande wa Kenya. Anga likiwa safi, Kilimanjaro nayo inajitokeza. Siku yetu ilikuwa na ukungu, kwa hiyo hatukuiona.

Tulikaa pale, miguu imening'inia, tunakula mahindi ya kuchoma. Akaanza mwenyewe.

"Nikienda Mwanza nitakuwa nani? Watu wataniuliza nafanya nini, nijibu nini? Nimemfuata mke wangu?"

Nikamwambia, "Leo asubuhi nimekufuata wewe tangu Rangwi. Nimepungua nini?"

"Wewe ni mwanamke, ni tofauti."

"Jana ulinifuata mimi kupanda Magamba. Umepungua nini?"

Akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshikwa. Kisha akanyamaza muda mrefu, na mimi nikanyamaza naye, maana nilishaelewa sheria: anayefuata asikimbie kumfikia. Hatimaye akasema jambo ambalo ndilo lilikuwa chini ya yote. Alisema alikuwa anaogopa nikienda Mwanza na watoto, nitazoea kuishi bila yeye. Ndiyo maana alishindwa kusema ndiyo, akashindwa kusema hapana. Nami nikamwambia hofu yangu: kwamba mwezi ule nilikuwa nimesimama njia panda peke yangu, namwita, na sijui kama yuko mbele, yuko nyuma, au amegeuka kurudi.

Hatukulia. Kulikuwa na upepo, macho yalitoka maji tu.

Nisikudanganye kwamba milima inatibu ndoa. Tuliporudi Dar bado hakuwa na kazi. Kaka zake walimpigia simu, mmoja akamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye gazeti la heshima. Lakini niliijibu ofisi siku ya Jumatatu, na barua niliiandika yeye akiwa amekaa pembeni. Mimi na watoto tulitangulia. Yeye alibaki miezi miwili kumaliza mambo ya nyumba, na kila Jumapili usiku alikuwa anapiga simu, si kuuliza watoto wamekula nini, bali kuniambia yuko wapi, kichwani na moyoni. Alipokuja Mwanza alikuja na baiskeli yake na boksi la spana. Usukumani baiskeli ni mguu wa mtu. Inabeba maji, mkaa, mchele na bibi harusi. Leo ana kibanda cha ufundi. Kuna mwezi kinalipa ada ya shule, kuna mwezi kinalipa pango tu la kibanda. Akiulizwa anafanya nini, anajibu bila kutafuna maneno, "Fundi baiskeli."

UKITAKA KUJARIBU

Kwa mliovutiwa, nendeni kati ya Juni na Septemba, au Januari na Februari. Wakati wa masika udongo ule mwekundu unanata kwenye tairi mpaka gurudumu halizunguki. Kodisheni Lushoto kama hamna baiskeli, lakini jaribuni breki zote mbili kabla ya kulipa. Chukueni mwongozaji wa pale pale, na kibali cha kuingia msituni msikiruke. Punguzeni upepo kidogo kwenye matairi, yashike njia. Bebeni maji, tyubu ya akiba, pampu, viraka, sweta na koti la mvua. Kofia ngumu si urembo. Glavu zitaokoa viganja vyenu. Na dada zangu, suruali vaeni. Vijijini kuna watakaoshangaa, lakini ukishuka ukawaamkia vizuri, wanakuonyesha njia ya mkato.

Halafu, msomaji wangu, chukua hili moja hata kama hutapanda baiskeli maishani mwako. Wengi tunafundishwa kwamba wapendanao wanatembea bega kwa bega. Sawa, barabara ikiwa pana. Lakini kuna miaka njia inakuwa nyembamba, na mmoja lazima atangulie. Leo yeye, kesho wewe. Kutangulia si kushinda na kufuata si kushindwa. Kinachovunja nyumba ni yule anayefika panapogawanyika njia akachagua upande na kuendelea bila kugeuka, au yule wa nyuma anayekaa chini na kunyamaza asijulikane alipo. Kama wewe umetangulia, simama hapo. Usipige kelele za kulia, kushoto. Simama tu mahali anapoweza kukuona.